Mwavuli ni wako: barua kwa mwanangu mchoraji

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia siku nane zilizopita. Nimechelewa kujibu, lakini si kwa kusahau. Nimeshakuandikia mara mbili, na mara zote mbili nimeichana barua.

Unasema mchapishaji amelikubali wazo lako, kwamba hatimaye utafanya kitabu cha picha ambacho maneno na michoro vyote ni vyako, na kwamba huu mwezi wa tatu unakaa mbele ya karatasi nyeupe na karatasi inabaki nyeupe. Wenzako, unasema, walikuwa na utoto uliojaa visa. Wako ulikuwa shwari, na hukumbuki jambo lolote la maana. Kisha ukauliza: "Mama, wewe vitabu vyako ulivichota wapi? Na tafadhali nikumbushe mimi nilikuwa mtoto wa namna gani, nipate cha kuchora."

Furaha ya kuulizwa swali hilo na mtoto wako utaijua siku utakapoulizwa na wako. Nililishusha sanduku la picha kutoka juu ya kabati nikakesha nalo. Niliandika kurasa sita: ulivyokataa viatu mwaka mzima, ulivyomzika mende kwa heshima zote, ulivyopotea kituo cha mabasi ukiwa na miaka minne. Asubuhi nikazisoma. Zilikuwa hadithi nzuri, na zote zilikuwa zangu. Katika kila moja yupo mtu mzima amesimama, anamtazama mtoto aliye chini yake, anacheka au anaogopa. Mtu huyo ni mimi. Ukizichora hizo utamchora mtoto niliyemwona mimi, na mtoto uliyekuwa wewe atabaki nje ya kitabu. Ndiyo maana nilizichana. Acha nianze na swali la kwanza. La pili tutalifikia.

Kitabu changu cha kwanza, kile cha mtoto aliyeishi chini ya cherehani, umekua nacho. Kilitoka kabla hujazaliwa. Usilolijua ni mara ngapi kilikataa kutoka.

Bibi yako alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, meza ya mbao juu na miguu ya chuma chini, na katikati ya hiyo miguu ya chuma palikuwa na nafasi iliyonitosha kabisa hadi nilipokaribia miaka sita. Huko ndiko nilikokulia. Juu kulikuwa na wateja, vipimo na malalamiko. Chini kulikuwa na kanyagio lililopanda na kushuka, gurudumu, na mkanda wa ngozi ambao zamani ulikatika ukaungwa kwa kipande cha waya. Kila ule waya ulipopita juu ya gurudumu ulilia: tik. Vipande vya vitambaa vilidondoka pembeni yangu, nyuzi zikaninasa nywele. Miguu ya mama niliijua kuliko uso wake. Kidole gumba cha kulia kilipinda kidogo kuwaelekea wenzake, na kisigino kiliinuka kila alipokuwa na haraka.

Siku moja, nikiwa na miaka mitano, kanyagio lilisimama katikati ya mshono. Chumbani ilikuwa imeingia miguu mingine, viatu vyeusi vyenye vumbi. Sauti ya mwanamume ikasema maneno machache, kwa chini. Miguu ya mama haikusogea. Nilikuwa nimejifunza kuhesabu siku zile, basi nikahesabu, nikafika ishirini, nikaanza upya. Kisha kanyagio likarudi kazini polepole, tik, tik, na mama akaumaliza ule mshono. Nilikuwa mkubwa nilipoambiwa kwamba yule mtu alileta habari za kifo cha mjomba wangu, kaka pekee wa mama.

Nilipofika miaka thelathini nikaamua kwamba hicho ndicho kitabu changu. Nilikuwa na kisa, tena kisa kizito. Nikamchora mama kwenye cherehani, nikamchora mleta habari mlangoni, nikayachora machozi ambayo kwa kweli sikuyaona. Mhariri aliyekipitia alisema michoro inapendeza, ila hamwoni mtoto. Nilikasirika sana. Mtoto si huyo hapo, chini ya meza? Nikachora upya. Nilichora upya mara saba, ndani ya miaka miwili, na kila mara alinirudishia na neno lilelile.

Siku moja ufutio wangu ulidondoka ukabiringika chini ya meza ya kuchorea. Nikapiga magoti kuufuata, na nikiwa huko chini nikainua macho. Upande wa chini wa meza ulikuwa haujapigwa rangi. Pembeni palikuwa na namba mbili ambazo seremala aliziandika kwa penseli wakati wa kupima, akaziacha, maana nani ataziona? Nikakaa pale pale sakafuni. Chini ya ubao wa cherehani ya mama nako kulikuwa na alama kama hizo, na kwa miaka yote ile niliamini kwamba mtu aliniandikia mimi barua ambayo ningeisoma nikikua. Nilikuwa nimeisahau kabisa, na haikuwa katika mchoro wangu hata mmoja.

Hapo nikaelewa kwamba michoro yangu yote niliichora kutoka mlangoni, kwa kimo cha mtu mzima aliyesimama. Nilikuwa nimechora alichokiona mleta habari.

Nikauhamishia ubao wa kuchorea sakafuni, nikalala kifudifudi. Uso wa mama ukatoka kitabuni. Mleta habari akabaki viatu. Na kifo chenyewe kikatoka pia. Kitabu unakijua: kanyagio linasimama, zinafuata kurasa mbili zisizo na neno hata moja, mtoto anahesabu vifungo, anachagua kimoja na kukiinua juu hadi ukingo wa meza, na mkono unashuka kukipokea. Watoto wanaokisoma hawajui habari za mjomba wangu, wala hawana haja nazo. Lakini ni mtoto gani asiyejua nyumba inavyokuwa inaponyamaza ghafla?

Kwa hiyo niliuchota hapo utoto wangu, mwanangu: mahali nilipokaa, na kile ambacho mahali hapo paliniwezesha kuona. Kisa chenyewe kilikuja kuwa mzigo mpaka nilipokitua. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi naamini kila mtoto amelala kwenye kitanda ambacho wakubwa wa nyumba hiyohiyo hawajawahi kukilalia.

Nilipoanza kusoma maisha ya wachoraji wengine nililiona jambo hilohilo. Maurice Sendak alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1928, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Poland. Alitaka kufanya kitabu cha farasi, na mwaka 1955 tayari alikuwa na kijitabu cha majaribio chenye farasi, ila farasi hakuweza kuwachora. Miaka ilipita, na alipowaweka madubwana mahali pa farasi, nyuso zilizomjia zilikuwa za ndugu wa wazazi wake waliokuja kutembea nyumbani kwao: meno mabovu, vinyweleo vya puani, watu wanaokubana mashavu na kukuambia u mtamu, watakula. Kitabu hicho, Where the Wild Things Are, kikatoka mwaka 1963. Mtu mzima angeingia sebuleni mwao angeona wahamiaji waliochoka, wenye upendo mwingi na lugha ngeni. Mtoto aliona meno. Yote mawili yalikuwa kweli, na kitabu kilihitaji yale ya upande wa meno.

Lakini wewe hofu yako ni nyingine. Unaogopa utulivu wa utoto wako. Basi mtazame Eric Carle. Alizaliwa mwaka 1929 Syracuse, katika jimbo la New York, na baba yake alikuwa na desturi ya kumchukua matembezini, kuinua jiwe au kubandua gamba la mti, kumwonyesha mdudu aliyeishi hapo, kisha kulirudisha jiwe taratibu pale pale. Alipokuwa na miaka sita familia ilihamia Stuttgart, Ujerumani. Vita vikaja. Baba akachukuliwa jeshini, akafungwa na Warusi, asionekane tena nyumbani hadi mwaka 1947. Mtoto aliyepitia hayo hakukosa visa. Na bado, alipokuwa mtu mzima, alichokichora ni kile kilichokuwa chini ya jiwe. Kiwavi wa kitabu chake cha mwaka 1969, The Very Hungry Caterpillar, alianzia kwenye matundu, maana Carle alikuwa akitoboa karatasi kwa mashine ya ofisini, akawaza mnyoo wa vitabu, na mhariri wake akapendekeza kiwavi badala ya mnyoo. Wengi hukisimulia hicho kisa cha matundu kama ndicho chanzo cha kitabu. Mimi siamini. Matundu yalikuja siku moja mezani. Heshima kwa kijidudu, ile ya kumrudishia jiwe lake, ilikuwa imekaa ndani yake tangu kabla ya miaka sita.

Huyohuyo Carle alikuwa na mwalimu wa kuchora huko Ujerumani ambaye, kwa siri, alimwonyesha picha zilizopigwa marufuku na utawala wa Hitler, picha ambazo rangi zake hazikuomba ruhusa. Mwaka 2011, akiwa ameshapita miaka 80, Carle akatoa kitabu cha mchoraji anayepaka farasi rangi ya buluu na mamba rangi nyekundu. Kumbukumbu hiyo ilingoja karibu miaka sabini. Naitaja ili usijipige kwa sababu ya miezi mitatu.

Na yuko Faith Ringgold, ambaye nampenda zaidi labda kwa sababu ya vitambaa. Alizaliwa Harlem, jijini New York, mwaka 1930. Pumu ilimweka nyumbani wakati wenzake wako shuleni, na mama yake, mbunifu wa mavazi, alimpa vitambaa na rangi za kuchezea. Usiku wa joto familia ilipanda juu ya paa la jengo lao kupunga upepo. Ni hilo tu. Watu wazima walizungumza, mtoto akalala chali akitazama taa za jiji. Mwaka 1988 alishona usiku huo katika mfarishi, na mwaka 1991 ukawa kitabu ambamo msichana anaruka angani juu ya jiji lote. Hakuna aliyekufa kwenye paa lile, wala hakuna aliyepotea. Mtoto alikuwa na furaha, akaikumbuka furaha hiyo kwa usahihi. Sijui kwa nini tumezoea kuona uchungu ndio wenye uzito na furaha ni ya kupita tu. Kuichora furaha bila kuitia sukari ni kazi ngumu mno, na ukiiweza utakuwa umewafaa watoto wengi.

Kuhusu kazi yenyewe nitasema machache, maana mengi unayajua. Una kurasa 32. Karatasi kubwa ya mtambo wa uchapaji hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mikunjo miwili ndiyo kitabu. Ukitoa ukurasa wa jina na ule wa haki za mchapishaji, utabaki na jozi 12 hadi 14 za kurasa zinazotazamana. Utoto mzima hauenei humo. Alasiri moja inaenea. Kwa hiyo acha kutafuta "utoto wako". Tafuta alasiri moja, na ndani yake dakika kumi. Kunja karatasi za kawaida, zibane katikati, upate kijitabu kinachokaa kiganjani, uchore watu wa vijiti tu. Utaona mara moja mahali ambapo mkono wa msomaji unataka kufungua ukurasa na mahali unapogoma. Ule ukimya wangu wa kuhesabu hadi ishirini sikuweza kuuchora hata kidogo. Uliingia kitabuni kama muda ambao mtoto anashika pembe ya karatasi na hajaigeuza bado.

Lipo jambo moja ninalokuomba ulilinde. Ukishaipata kumbukumbu yako, itakuvuta uitumie kujiliwaza wewe. Msomaji wako ana miaka minne, hakuja kukuuguza. Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji Mwingereza, alikulia London na mdogo wake katika chumba cha juu kilichojaa sungura, vyura, kobe, hata popo, na aliwachora kwa saa nyingi mpaka akawajua hadi mifupa. Lakini hadithi ya yule sungura wake wa koti, Peter Rabbit, haikuzaliwa alipokuwa akijikumbuka. Ilizaliwa tarehe 4 Septemba 1893 ndani ya barua kwa mtoto mmoja wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa kitandani, mtoto wa mwanamke aliyewahi kumfundisha Potter mwenyewe. Hakuwa na la kumwambia, basi akamsimulia sungura wanne na kumchorea pembeni. Miaka kadhaa baadaye aliiazima barua hiyo kwa mwenyewe. Wachapishaji wakamkatalia, akachapa nakala 250 kwa fedha zake Desemba 1901, na mchapishaji akaja mwaka uliofuata. Sungura waliotoka utotoni walikuwa wa kwake, ila wakati wote aliokuwa akiandika alikuwa akimtazama yule aliye kitandani. Nawe mtafute mtoto mmoja unayemjua kwa jina, umchoree huyo.

Na watu watakaoingia kitabuni nao wafikirie. Kitabu changu kilipotoka nilimpelekea bibi yako nakala ya kwanza. Alikisoma akiwa amekaa kwenye cherehani, kurasa zote polepole, akafika kwenye zile mbili zisizo na neno. Alizitazama muda mrefu sana. Kisha akasema, bila kuinua macho: "Kumbe hukuwa umelala."

Miaka yote hiyo aliamini kwamba siku ile nilikuwa nimelala kule chini, na imani hiyo ilimpa faraja, kwamba walau mtoto hakuona kitu. Nikaiondoa kwa kitabu. Hatukulizungumza zaidi, ila alikiweka kitabu kwenye mtoto wa meza ya cherehani, pamoja na sindano zake, na kilibaki humo mpaka mwisho wake. Nakueleza haya kwa sababu na mimi nitakuwemo kwenye vitabu vyako. Ruhusa umeshapata. Nichore nilivyoonekana kutoka chini, hata kama nilikuwa mkali, hata kama ni miguu tu. Ninachoomba ni unionyeshe kabla hakijaenda kiwandani.

Sasa swali la pili.

Siku uliyopotea naisimulia kila watu wanapokusanyika. Mvua inanyesha, kituo kimejaa, naachia mkono wako nitoe nauli, nageuka hupo. Nakimbia, napiga kelele, kiatu kimoja kinanivuka nakiacha. Dakika ishirini zilizonizeesha. Siku hizi unaisimulia na wewe, na nimekusikia unakitaja hadi kiatu changu, kiatu ambacho usingeweza kukiona kwa sababu hukuwepo. Hakuna ubaya, ndivyo tulivyo wanadamu. Ya kabla ya miaka mitatu karibu sote hatuna, na ya miaka michache inayofuata huchanganyika na picha za sandukuni na midomo ya waliotulea. Lakini ndiyo sababu siwezi kukupa utoto wako. Ninao wa kwangu tu, wa kuwa mama yako.

Ila kuna jioni moja nimeikumbuka usiku ule wa sanduku. Ulikuwa na miaka saba, uko sakafuni na magari yako, mimi nawasimulia wageni ile siku ya kituo. Nilipofika kwenye kiatu ukasema, bila kuacha kucheza: "Kulikuwa na mwavuli." Nikakuuliza mwavuli gani. Ukasema ulikuwa mkubwa, ulidhani ni nyumba, ukaingia. Nyumba ikawa inatembea, na wewe ukatembea. Maji yalianguka pande zote lakini ndani palikuwa pakavu.

Wageni wakacheka, nami nikacheka nao, nikaendelea na hadithi yangu. Hukuutaja tena mwavuli huo, wala mimi sikukuuliza. Unisamehe, mwanangu. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikisimulia habari za mtoto aliyepotea, na wewe siku ile hukujua kwamba umepotea. Ulikuwa ndani ya nyumba.

Basi niambie leo, nami sitakukatiza. Ulikuwa wa rangi gani? Huyo mtu alijua kwamba uko naye, au alitembea tu? Miguu yake ilikuwaje? Matone yalianguka mbele ya macho yako au kwenye mabega? Na ulipotazama juu, kule vijiti vya mwavuli vinapokutana, palikuwa na nini?

Ukishindwa kuandika, nichoree.

Mama yako